Juu ya Mwenzi Asiyeandikwa

Mwezi huu nataka kunena nanyi juu ya neno moja ambalo wazee wetu hawakulijua kwa maana hii, walakini watoto wetu walio katika vyuo vikuu walijua sana, nalo ni kubebana. Mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani ni habari ya mama na mtoto, au ya mgonjwa na machela. Sivyo. Katika mabweni ya vyuo, kumbeba mtu maana yake ni kumlaza katika kitanda chako, naye jina lake halimo katika daftari la bweni. Mmoja amepewa nafasi kwa halali na kulipa ada yake. Mwenziwe amekosa nafasi, au amekosa fedha. Basi hulala wawili katika kitanda cha mmoja, mzungu wa nne, kichwa cha huyu penye miguu ya yule. Sheria za bweni zinakataza, na wanafunzi wanaendelea.

Je, ambebaye mwenzake atenda mema au atenda mabaya? Mzazi mmoja aliniuliza hivyo baada ya ibada, amesimama na mwavuli wake mkononi, akitaka jibu la neno moja apate kwenda zake. Sikumpa, akaondoka hali hakuridhika. Wala sikumfanyia hila. Ni kwamba katika ujana wangu nilimbeba mtu, na tangu siku zile sijaweza kulijibu swali hili kwa neno moja.

Kabla ya kuwasimulia habari yangu, yafaa tujue nyumba hizi za wanafunzi zilianzaje. Wengi hudhani kwamba chuo ni madarasa na vitabu, na bweni limeongezwa baadaye kama jiko linavyoongezwa nyuma ya nyumba. Katika mji wa Paris haikuwa hivyo. Waalimu walikuwapo, wanafunzi walikuwapo kwa mamia, lakini nyumba ya kukaa pamoja haikuwapo. Kila kijana alijitafutia pa kulala, na maskini walilala walipopata. Mwaka 1180 mtu mmoja wa London, jina lake Jocius, alifika Paris akirudi kutoka Yerusalemu. Akaingia katika hospitali iliyo karibu na kanisa kubwa la Notre-Dame, iitwayo Hôtel-Dieu, akaona humo chumba ambamo tangu zamani wanafunzi maskini walikuwa wakiachiwa kulala. Walilala kwa hisani ya watu. Leo wamo, kesho mwenye nyumba akighadhibika, hawamo. Jocius akatoa fedha, akakinunua chumba kile kiwe cha wanafunzi 18 siku zote, na watu wa hospitali wakapatana kuwapa vitanda vya kutosha, na fedha kidogo kila mwezi. Wanafunzi nao walipewa kazi yao: kwa zamu kuchukua msalaba na maji ya baraka mbele ya maiti za wale waliofia hospitalini, na kila usiku kusali. Nyumba ile ikaitwa Nyumba ya Kumi na Wanane.

Tazameni alilolitenda mtu yule. Wanafunzi walikuwamo kabla yake, na chumba kilikuwapo kabla yake. Yeye alibadili jambo moja tu: waliokuwa wakilala kwa hisani, sasa walilala kwa kuandikwa. Kijana aliyeandikwa akiamka asubuhi hana haja ya kumtazama mtu usoni ili ajue kama leo bado anapendwa.

Baadaye zilikuja nyumba kubwa zaidi, kama ile ya Robert de Sorbon hapo hapo Paris mwaka 1257, na ile ya Walter de Merton huko Uingereza mwaka 1264, nazo ndizo zilizojipatia sifa. Lakini mimi nawapenda zaidi wale kumi na wanane, kwa sababu ya hesabu yao. Maana penye kumi na wanane wako ndani, hapana budi yuko wa kumi na tisa, naye amesimama mlangoni. Rehema ya Jocius ilikuwa rehema ya kweli, walakini ilihesabu vitanda.

Kwetu Tanzania mambo yalianza kwa hesabu ndogo. Chuo cha Dar es Salaam kilifungua milango mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo moja la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Hesabu ya watu kumi na wanne haimsumbui mtu. Mwaka 1964 kikahamia kule mlimani, mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha taifa, na kwa miaka mingi kijana aliyechaguliwa alilipiwa na serikali chumba chake na chakula chake. Kisha wanafunzi wakaongezeka kuliko majengo, na tangu miaka ya 1990 wazazi wakaambiwa wachangie gharama. Mwaka 2017 yalifunguliwa hapo mabweni mapya ya kulaza wanafunzi 3,840. Watu walishangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini wanafunzi wa chuo kile ni wengi mara kadhaa kuliko hesabu hiyo. Wengi hupanga mjini, na wa kumi na tisa bado amesimama mlangoni.

Sasa habari yangu. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa masomo, katika chuo ambacho sitakitaja. Chumba chetu kilikuwa cha watu wanne, na vitanda viwili vya juu na chini. Masomo yalipoanza, akaja kijana wa kwetu na sanduku lake la bati, na barua mkononi. Barua ilitoka kwa mwalimu wa mtaa wetu, mzee aliyenifundisha hata mimi, kwa mwandiko ule mzuri wa watu wa zamani. Maneno yake yalikuwa machache: kwamba kijana amekosa chumba, kwamba kwao hawana kitu, kwamba nimpokee kama ndugu yangu. Ningesemaje? Nilimpokea. Na nakiri kwamba nilifurahi. Usiku ule, nikiwa nimebanwa na ukuta na miguu yake karibu na uso wangu, nilijiona mtu mwema. Wala sikukosea kabisa, maana jambo lile lilinigharimu usingizi wangu, na baadaye nusu ya chakula changu.

Wenzangu sikuwauliza. Neno hili naomba mliweke akilini. Niliwaambia tu, “Huyu ni mdogo wangu kutoka nyumbani, atakaa nasi siku chache.” Nani angekataa mbele ya uso wake, na sanduku lake limekwisha kuingia? Siku chache zikawa juma, na majuma yakawa miezi miwili.

Chumba cha watu wanne kikiwa na watu watano, si watu watano tu walio humo. Mna ndoo ya tano, kandambili za tano, nguo za tano zinazokauka dirishani, na kikohozi cha tano usiku. Maji ya bweni lile yalitoka mara mbili kwa juma. Aliyekuwa na kitanda cha karibu na dirisha alikuwa kijana mtulivu, mtu wa kusoma usiku, wala hakuwa na maneno mengi. Yeye ndiye aliyepoteza zaidi, kwa kuwa meza ilikuwa moja, na mgeni naye alihitaji pa kuandikia. Sikumsikia akilalamika. Nami kwa kuwa sikumsikia, nilidhani hana neno.

Lakini jambo lililonifundisha zaidi lilikuwa kwa mgeni mwenyewe. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huifahamu methali hii kama njia ya adabu ya kumfukuza mgeni. Mimi naifahamu vingine. Jembe ni heshima. Mgeni akipewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba, hulima nao, hula nao, na neno lake hupokewa barazani. Sisi hatukumpa jembe, tulimpa ufagio. Hakuna aliyemwamuru. Alianza mwenyewe kuamka mapema na kufagia, kisha kujaza ndoo zetu, kisha kutupokelea nguo kwa dobi. Na sisi, vijana wa kanisa, wana wa wazee wa usharika, tulizoea upesi. Baada ya mwezi mmoja nilijisikia nikimwambia, “Hebu chukua na hii,” bila hata kumtazama.

Tena alipoteza ulimi wake. Kwao alikuwa mbishi mashuhuri. Katika chumba chetu alicheka kila mtu alipocheka, akanyamaza kila mtu alipobishana. Usiku mmoja tulishindana juu ya hesabu fulani ya mtihani, tukapiga kelele hata saa tano, na wote wanne tulikuwa tumekosea. Taa zilipozimwa akaninong'oneza jibu lililo sahihi. Nikamwuliza, “Mbona hukusema?” Akanijibu, “Kaka, mimi si mtu wa kusema humu.”

Wasomaji wangu, maneno yale niliyasikia kwa masikio, nikalala.

Kisha ukafika usiku wa ukaguzi. Mlezi wa bweni alikuja pamoja na mlinzi, saa sita, ana tochi na daftari. Mgeni wetu alijikunja chini ya kitanda nyuma ya masanduku. Watatu tulijifanya tumelala. Yule wa dirishani alikuwa mezani na kitabu chake, basi yeye ndiye aliyeulizwa. “Mko wangapi humu?” Nilisikia ukimya, ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Akasema, “Wanne, mzee.” Mlezi akaandika, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, yule kijana aligeuka kwangu, akanena kwa sauti ya chini lakini wote tulisikia, na aliye chini ya kitanda alisikia pia: “Mimi sisemi uongo, na leo nimesema. Sadaka ni yako, uongo ni wangu.” Akazima taa.

Asubuhi sanduku la bati halikuwapo. Kijana alikuwa ameondoka kabla ya mapambazuko bila kuaga. Nami nilifanya nini? Nilikasirika, si juu ya nafsi yangu, bali juu ya yule wa dirishani. Nikapita vyumba vya jirani nikisema kwamba ana moyo wa jiwe, kwamba amemfukuza yatima wa watu kwa ajili ya neno moja. Hata kuwa yatima hakuwa, nilitia chumvi. Watu waliniamini, na mwaka mzima uliobaki wengi hawakumsalimu vema.

Miaka imepita, nami nimeifikiri sana habari hii. Na kila nikiifikiri hukumbuka nyumba nyingine ya wanafunzi, ambayo sisi Walutheri twajivunia, yaani nyumba ya Martin Luther mjini Wittenberg. Ilikuwa zamani nyumba ya watawa. Luther alipomwoa Katharina von Bora mwaka 1525, walikaa humo, na humo vyumba vilikuwa vingi, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaja kupanga na kula. Vijana wale ndio walioandika mazungumzo yake mezani, ambayo Aurifaber aliyapiga chapa mwaka 1566, na hata leo yanasomwa. Twapenda kuisimulia meza ile: mwalimu anaongea, vijana wanaandika. Lakini mara chache twauliza ni nani aliyekiweka chakula juu yake.

Mlango wa Luther haukujua kufungwa. Waliingia wapwa zake na watoto wa jamaa, wajane, watawa waliokimbia, wasafiri, na wanafunzi wasio na senti. Mwaka 1527 tauni ilipoingia mjini, chuo kikahamia Jena, lakini yeye alibaki, na nyumba yake ikawa hospitali. Mwaka 1542 Georg, mtawala wa Anhalt, alipotaka kufikia kwake, aliandikiwa barua ya kumwonya asifanye hivyo, kwa kuwa nyumba ya Daktari imejaa watu wa kila namna, wazee na watoto na wanafunzi, na makelele hayaishi. Haya yote ni sifa ya Luther. Walakini Luther alialika kwa ulimi, na Katharina alialika kwa mikono. Yeye ndiye aliyefuga nguruwe, akapika pombe, akalima bustani, akafuga samaki, akashikilia kwamba mwanafunzi mwenye uwezo alipe ada ya chakula chake. Watu wengine walimnena vibaya, wakamwita mpenda fedha. Luther alipenda kugawa vitu hata vya thamani, na imehifadhiwa barua yake kwa rafiki mmoja ambamo asema kwamba Katharina amekificha chombo alichotaka kukitoa zawadi.

Zamani nilicheka niliposoma habari ile. Sasa sicheki. Maana ndani ya nyumba mna rehema za namna mbili: iko rehema ya yule aliye mlangoni asemaye “Karibu,” na iko ya yule aliye nyuma asiyeulizwa, ambaye kwake “Karibu” ile hufika kama deni. Wa kwanza hushukuriwa. Wa pili akinung'unika huitwa mwenye moyo wa jiwe. Sisemi kwamba Luther alikosa kualika. Nasema kwamba mimi nilialika kwa kitanda changu na kwa meza ya mwenzangu, kwa ndoo za mwenzangu, na mwisho kwa ulimi wa mwenzangu. Kilichokuwa changu kilikuwa nusu ya kitanda.

Miaka kama kumi hivi baadaye nilimkuta yule mgeni kwenye mazishi kwetu. Amekuwa mtu mzima, fundi mkuu wa mambo ya maji, ana watoto. Tulikaa chini ya mwembe, nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya usiku ule na kwa ajili ya yule mwenzetu mkali. Akanitazama kwa mshangao. “Kaka, kumbe hukujua?” Akanieleza kwamba alipoondoka alilala majuma kadhaa katika darasa moja, juu ya madawati aliyoyaunganisha, na kwamba siku ya pili tu yule wa dirishani alimtafuta mpaka akamwona. Hakumrudisha chumbani. Alikwenda naye kwa mlezi wa bweni, akaungama uongo wake, akasema, “Huyu ndiye wa tano,” kisha akamsaidia kuandika maombi. Walikwenda mara nyingi. Wakafukuzwa, wakarudi. Mwanafunzi mmoja alipoacha masomo kwa ugonjwa, nafasi ile akapewa yeye. “Siku nilipolikuta jina langu ukutani penye orodha,” akaniambia, “nililisoma mara mbili tatu.” Na siku hizo zote mimi nilikuwa nikipita vyumbani nikimsingizia mtu yule. Sijamwona tena tangu tumalize masomo. Barua nilimwandikia mara moja, haikujibiwa, wala sijui kama ilifika.

Basi turudi kwa mzazi mwenye mwavuli. Wako watu watakaosema kwamba neno ni rahisi: sheria imekataza, imekwisha. Nao wana sababu zao, wala si za kudharauliwa. Msimamizi wa nyumba sharti ajue ni nani wanaolala humo. Moto ukizuka usiku, watu huhesabiwa kwa daftari. Asiyeandikwa hatatafutwa katika majivu. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia, ni vivyo hivyo. Tena kuna jambo ambalo wabebaji wenyewe hawalifikiri: kila mtu aliyefichwa hupunguza hesabu ya wahitaji. Wakubwa wa chuo wakitazama daftari huona vyumba vimejaa sawasawa na korido haina mtu, nao husema vitanda vinatosha. Huruma yetu ya siri huwafanya wakubwa waonekane wametimiza kazi yao. Na tusiwasahau wale wanaouza. Maana yuko mwanafunzi ambaye hupewa nafasi kwa bei ya chuo, akaikodisha nusu yake kwa mwenziwe kwa bei yake yeye. Huyo habebi mtu. Hapo hakuna swali la kuuliza.

Lakini wasemao kwamba sheria imetosha, nataka waniambie kijana alale wapi leo usiku. Darasani? Mwanamume huenda akaweza, kama yule wetu alivyoweza. Binti je? Binti asiye na chumba hupanga mjini mahali pa bei ndogo, mbali na chuo, hurudi usiku kwa miguu kutoka maktaba, na si kila mwenye nyumba ni mtu wa kuaminika. Wako mabinti walioingia katika mikono mibaya kwa sababu ya kodi ya chumba, na wazazi wao mpaka leo wanadhani walipotoka kwa kupenda anasa. Mbele ya habari kama hiyo siwezi kusimama na kitabu cha sheria mkononi nikaona nimemaliza kazi.

Shauri langu, nami nalitoa kama shauri la mtu aliyekosea, ni hili. Usiku wa kwanza usimwulize mtu yeyote isipokuwa wale ulalao nao chumba kimoja. Uwaulize kweli, mgeni asipokuwapo, waweze kukataa bila aibu. Wakikubali, mzigo ni wa wote, na shukrani pia ni ya wote. Wakikataa, tafuteni pamoja mahali pengine, wala usiende kuwasema nje. Kulipopambazuka, anza na mgeni wako kwenda ofisini, na ufagio uwe wa zamu, kila mtu na siku yake, mgeni na wenyeji. Na ofisi ikikataa kabisa je? Hapo ndipo sina neno jepesi. Nadhani mimi ningeendelea kumlaza, lakini ningekwenda mwenyewe kwa mlezi wa bweni nikamwambia, “Katika kitanda changu tuko wawili,” nikapokea litakalokuja juu yangu. Yule mlezi huenda akatufukuza wote wawili. Huenda pia akafumba macho. Nimewajua walezi waliofumba macho, nao hawakuwa watu wabaya. Hata hivyo hakuna mwenzangu ambaye ningemwachia kusema uongo badala yangu.

Nanyi waalimu wa mitaa na wainjilisti, nina neno kwenu, nalinena kwa heshima, maana mmoja wenu ndiye aliyenipeleka shule. Ninyi ndio mnaoandika barua zile. Mwaka hata mwaka kijana huja kwenu jioni, kesho anasafiri, hana chumba, nanyi mnamkumbuka kijana mwingine wa usharika aliyetangulia, mnaandika: mpokee ndugu yako. Barua ile ni nzuri, msiache kuiandika. Lakini mwaiandika kwa kijana wa miaka ishirini ambaye naye ni mgeni katika nyumba ya watu, hali ana nusu ya haki tu, na mara nyingi hana uwezo wa kulikataa jina lenu. Basi andikeni barua mbili. Ya pili iende kwa wakubwa wa chuo, ikitaja jina la kijana, na kwao, na hali ya nyumba yao, na muhuri wa usharika uwe juu yake. Tena kama kanisa lina nyumba au chumba karibu na chuo, ulizeni kinafanya kazi gani usiku. Nimeona kumbi kubwa zimefungwa kufuli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na hatua mia kutoka hapo vijana wetu wanalala mzungu wa nne.

Nilikuwa nimekwisha kuandika haya yote, nikawa nangoja kuyapeleka kwa mpiga chapa, ndipo simu yangu ikalia. Binti yangu yuko chuoni, huu ni mwaka wake wa kwanza. Ameniletea ujumbe: “Baba, shikamoo. Kuna mwenzangu hapa amekosa chumba, nimeanza kumbeba tangu Jumapili. Tafadhali mama asijue.” Nikaisoma, nikaiweka simu, nikaichukua tena. Nikamjibu kwamba marahaba, nikamwuliza maneno mawili: huyo mwenzako anaitwa nani, na wale watatu wa chumbani walisema nini ulipowauliza. Jina aliniletea upesi sana, pamoja na kijiji anakotoka na masomo asomayo. Swali la pili ni siku ya tatu sasa, hajalijibu.